Zuia "wa.me" kwenye ukurasa wa gesti

Ukilipwa kusimamia maoni ya ukurasa wa Facebook wa gesti au wa wenye mashua hapa Malindi, usikae kukimbizana na matapeli mmoja mmoja. Ingia kwenye mipangilio ya ukurasa, sehemu ya maneno ya kuzuia, uweke "wa.me" (mwanzo wa kiungo cha WhatsApp), "+254", "tuma deposit" na "caparra", maana Waitaliano huku ni wengi na tapeli huwaandikia kwa lugha yao akidai malipo ya awali. Maoni yenye neno lolote kati ya hayo yanafichwa papo hapo, ila aliyeandika na marafiki zake wanaendelea kuyaona. Hapo ndipo utamu: hajui amefichwa, kwa hiyo hana haraka ya kufungua akaunti nyingine, tofauti na ukimblock.

Huenda isisaidie tapeli akiachanisha herufi, "w a . m e", au akiweka nambari ndani ya picha. Tena itakufichia mteja wa kweli aliyeandika "nipigieni +254…", kwa hivyo pitia yaliyofichwa asubuhi na jioni umrudishe. Anayelalamikia chakula muache aonekane, hata bosi akinuna.