Kabla hujanunua mashine ya boti ya zamani na kuifufua, zingatia haya

Mashine kongwe za boti, hizi za kuchanganya oili na petroli, iwe Yamaha, Johnson, Evinrude, Suzuki au Tohatsu, ukiipata iliyo nzima ndani itakubeba miaka mingi tu, mafundi wa pwani na wa ziwani wanazijua vizuri na hazina mambo mengi ya umeme. Shida ni kwamba watu wengi wananunua kwa sikio. Muuzaji anavuta kamba, inawaka, inatoa moshi, basi hela imetoka mfukoni. Kuwaka sio kipimo jamani, mashine inaweza kuwaka vizuri kabisa ndani ya pipa alafu ukiifunga kwenye boti lenye watu na nyavu haisukumi kitu. Vitu vinavyozuia mashine kuwaka mara nyingi ni vya bei rahisi, plagi, kabureta chafu, koili, mpira wa mafuta. Vinavyoiua ni vile usivyoviona wala kuvisikia: silinda, krenki na gia boksi ya chini. So mashine iliyolala stoo haiwaki lakini ina kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda) nzuri na oili ya gia safi, kwangu mimi ina thamani kuliko inayonguruma huku silinda moja imeshachoka.

Kabla hata ya kushika spana, ijue historia yake. Wizi wa mashine za boti upo, Ziwa Victoria ndio usiseme, na pwani pia. Namba ya mashine kwenye nyingi iko kwenye kibati pale kwenye bano la kufungia kwenye boti, kama kimekwanguliwa au kimebanduliwa achana nayo, usishawishike na bei. Uliza ilikuwa inafanya kazi diko gani, nenda kaongee na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko) ya pale na wavuvi wenyewe, mashine zinajulikana kwa wenyewe, atatokea mtu akwambie hii ilikuwa ya mzee fulani au hii ilishawahi kuzama. Andikishianeni mkataba wenye namba ya mashine, majina na sahihi za mashahidi.

Na hilo la kuzama ulizia kwa nguvu zote. Mashine iliyozama kwenye maji chumvi, ikitolewa ikasafishwa kwa maji baridi na kuwashwa siku hiyohiyo, inapona. Ikitolewa ikawekwa pembeni wiki mbili ikisubiri fundi, beringi za krenki zinakuwa zimeshaliwa na kutu, utaiwasha, itakwenda kwa muda, alafu itakata ukiwa mbali. Dalili zake ni unga mweupe kwenye viungio vya waya, kutu chini ya flaiwili (lile gurudumu zito la juu ya mashine), na boliti zenye alama mpya za spana wakati mashine yenyewe ni ya zamani. Rangi iliyopakwa juzi pia itilie shaka kabisa, hamna mtu anapaka rangi mashine anayoiuza bila sababu.

Jambo jingine ni urefu wa shafti. Mashine nyingi ni shafti fupi ya inchi 15 au ndefu ya inchi 20, nenda na futi, pima ubao wa nyuma wa boti lako ndio ukapime mashine. Lile bati pana lililo juu ya rafadha linatakiwa likae usawa wa chini ya boti au kushuka kidogo tu, likiwa juu sana rafadha inakula hewa, likizama sana unapoteza mafuta na kasi. Watu wananunua kwanza alafu wanaanza kukata ubao wa boti, sio sawa.

Alafu spea. Yamaha spea zake zinapatikana kirahisi kuliko zote huku kwetu, za kampuni na za kuiga. Mariner nyingi za miaka ya 1970 na 80 ndani yake ni Yamaha, so usiikimbie kwa jina. Johnson na Evinrude ni mashine nzuri mno, ila kampuni iliyokuwa inazitengeneza, OMC, ilifilisika mwaka 2000, na wenye jina waliofuata wakaacha kutengeneza Evinrude mwaka 2020, kwahiyo spea nyingi utaagiza na utasubiri. Kabla hujalipa piga simu dukani uliza vitu vitatu tu: ringi za pistoni, impela ya pampu ya maji, na seti ya gia. Wakikwambia vyote havipo hiyo sio mashine ya kazi, labda unataka pambo.

Sasa siku ya kwenda kuiona. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono kwenye silinda, kama ina joto maana yake keshaihangaikia asubuhi. Unataka kuiona ikiwaka ya baridi. Nenda na geji ya kompresheni, mafundi magari wengi wanayo, na plagi za mashine nyingi hizi zina uzi wa milimita 14 so inaingia. Toa plagi zote, waya za plagi zigusishe kwenye bodi ili usiue koili, fungua acha (ile ya kuongezea kasi) mpaka mwisho, vuta kamba kwa nguvu mara kadhaa mpaka mshale usimame, andika, hamia silinda nyingine. Usikazanie namba kubwa, geji zenyewe zinatofautiana, kazania usawa. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi kuna ringi imekwama au silinda imechubuka, na hapo bei lazima ishuke sana au uondoke. Kuna mashine za mafuta ya taa, Yamaha zenye herufi EK mwanzoni mwa jina, zile unawasha na petroli zikipata moto ndio unageuzia mafuta ya taa, kompresheni yake iko chini kwa jinsi ilivyotengenezwa, usiilinganishe na ya petroli ukadhani imekufa.

Geji ikishakupa jibu shuka chini. Gia boksi ina skrubu mbili, moja chini moja juu. Legeza ya chini kidogo, dondosha oili kwenye kidole. Nyeusi lakini laini haina shida, imechelewa tu kubadilishwa. Ikiwa kama maziwa kuna maji yanaingia, sili (mipira ya kuzuia maji) zimekwisha. Ukiona vipande vya chuma vinang'aa, gia zinakulana. Yakitoka maji matupu kwanza ndio oili ifuate, jua imekaa hivyo muda mrefu na beringi zimeshaguswa. Na kitu ambacho kwa mashine za wavuvi ni lazima, toa rafadha uangalie nyuma yake, mshipi ukijisokota pale kwenye shafti unakata sili taratibu bila mtu kujua na ndio chanzo kikubwa cha maji kwenye gia. Ukimaliza zungusha shafti kwa mkono, ingiza mbele, ingiza nyuma, isikwame wala isicheze pembeni.

Ukishainunua usikimbilie kuivuta kamba. Nunua kwanza impela, plagi, oili ya gia SAE 90, kiti ya kabureta, mpira wa mafuta na pampu yake ya mkono, na oili ya kuchanganya iliyoandikwa TC-W3. Hii ya mwisho watu wanaibishia lakini mi nasisitiza, oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini ya kupozwa na upepo, inaacha majivu kwenye plagi na kwenye pistoni, mashine ya boti inapozwa na maji na inataka oili yake.

Kama imekwama haizunguki, usiing'ang'anize na kamba. Toa plagi, mimina oili nyepesi, ya gia otomatiki inafaa sana, ndani ya silinda, iache siku kadhaa ukiongezea, alafu jaribu kwa spana kwenye nati ya flaiwili, kidogokidogo, kuelekea upande wa saa tu. Ukizungusha kinyume unakunja mapanga ya impela kama ile ya zamani bado imo. Boliti zilizoliwa na chumvi nazo zinataka subira, pasha moto, weka oili, rudi kesho, boliti ikikatikia kwenye aluminiamu utalipa kuliko ulivyonunulia impela na kabureta pamoja.

Kabureta fungua yote. Petroli iliyokaa inageuka gundi na vile vitundu vya jeti vinaziba. Usivitoboe kwa waya wa chuma maana vitundu vina kipimo, tumia mshipi mwembamba na dawa ya kusafishia, piga picha kila hatua. Angalia na diaframu ya pampu ya mafuta, ikikauka mashine inawaka vizuri alafu inakata ukiongeza acha, na watu wanalaumu koili. Mashine za zamani zaidi zina platini (zile za kukata umeme ili plagi itoe cheche) na kondensa chini ya flaiwili, flaiwili itolewe kwa pula (kifaa cha kuivutia nje), nyundo inaharibu krenki na inaweza kupasua sumaku. Platini za Johnson na Evinrude nyingi kongwe zinataka mwanya wa inchi 0.020, yaani nusu milimita.

Impela badilisha hata kama muuzaji kaapa ni mpya. Mpira ukikaa miaka umekunjwa unabaki hivyohivyo na hausukumi maji. Na usiwashe mashine hata sekunde chache nje ya maji, ile impela inateleza kwa maji, ikiwa kavu inaungua palepale.

Mchanganyiko ufuate kitabu cha mashine husika. Nyingi zinataka 50:1, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, dumu la lita 20 ni mililita 400. Johnson na Evinrude za kabla ya 1964 nyingi zinataka 24:1, na British Seagull za zamani za Uingereza zilikuwa zinakunywa 10:1. Kama umebadilisha ringi, madumu ya mwanzo piga 25:1 na usifungue acha mpaka mwisho.

Pipa lijae maji mpaka yavuke pampu, washa, subiri ikojoe. Isipotema maji ndani ya muda mfupi zima, usisubiri labda. Ikitema vizuri iache ya taratibu dakika kumi, gusa silinda zote joto lilingane, alafu zima, toa plagi uone rangi yake. Inatakiwa kahawia, nyeupe sana ina maana inakosa mafuta.

Kwenda majini mara ya kwanza chagua siku ya maji mafu, asubuhi kabla upepo haujaamka, na kama ni msimu wa kusi limepiga subiri tu. Beba makasia, nanga, plagi za akiba, spana yake, koti la kuokolea kwa kila mtu, na ile kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi kama mashine inayo, kama haina fungisha swichi. Zunguka karibu na ufukwe ambapo ukizimika unaweza kupiga kasia kurudi. Ukirudi iwashe kwenye pipa la maji baridi ijisuuze chumvi, chomoa mpira wa mafuta uiache imalize petroli iliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe, na baada ya safari mbili tatu legeza tena ile skrubu ya chini ya gia uone oili imebaki na rangi gani.