Tope la oili kwenye injini: kulikagua, kulitoa na kulizuia

Kila injini hupitisha gesi kidogo pembeni ya ringi za pistoni. Gesi hiyo hushuka kwenye oili ikiwa na masizi, mvuke wa maji na petroli ambayo haijaungua. Injini ikipata moto sawasawa, maji na petroli hupaa na kurudi kuunguzwa kupitia valvu ya PCV, kijilango kinachorudisha gesi hizo kwenye njia ya hewa ya injini. Safari zikiwa za dakika kumi kumi, vyote hubaki ndani na oili huanza kuganda; hilo ndilo tope. Joto lililozidi nalo huipikia oili mlemle mpaka iwe nzito kama lami.

Tuchukue Toyota yenye injini ya 1NZ-FE, kama IST na Probox, inayoingia lita 3.7 za oili pamoja na filta mpya.

Hatua ya 1: Kagua. Injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha kujazia oili umulike kwa tochi. Oili kuwa nyeusi si ugonjwa. Inabeba uchafu, ndiyo kazi yake. Cha kuogopa ni mgando mweusi unaobaki kidoleni ukikwangua. Ukikuta povu la rangi ya maziwa, hayo ni maji: pima maji ya rejeta. Yakiwa yanapungua, anza na gasketi ya silinda hedi, la sivyo unapoteza oili bure.

Hatua ya 2: Valvu ya PCV. Ichomoe uipulize. Kutoka upande wa injini hewa ipite kirahisi, upande wa manifoldi (bomba la hewa inayoingia kwenye injini) igome. Ikiwa imeganda, weka mpya.

Hatua ya 3: Toa tope. Mgando ukiwa mwingi, usimimine dawa ya kusafishia injini. Dawa hubandua mabonge, yakashuka na kuziba straina, chujio la pampu ya oili. Presha inaanguka, beringi za kranki zinagonga, na injini iliyokuja ikitembea inaondoka ikivutwa. Mwaga oili, fungua sampo (bakuli la oili chini ya injini), osha sampo na straina kwa mafuta ya taa, kausha kabisa. Safisha pia chujio dogo la valvu ya VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu za injini kwa presha ya oili. Unaporudisha sampo, paka silikoni nyembamba, kwa sababu inayozidi humenyeka ndani na kuziba straina ileile uliyoosha. Jaza oili na filta mpya, tembea km 1,000, mwaga tena. Rudia mpaka oili inayotoka isiwe na chembe. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima injini palepale.

Hatua ya 4: Ratiba. Kilomita peke yake hudanganya. Kwa wastani wa km 50 kwa saa, km 5,000 ni saa 100 za injini. Kwenye foleni, kwa wastani wa km 20, ni saa 250. Gari la mjini limwagwe oili kila km 5,000 au miezi 6, kinachotangulia, na filta kila mara. Tumia oili ya unene wa 5W-30 na daraja la ubora la API SN au zaidi, kutoka dumu lililofungwa, si oili ya kupimiwa. Jaza hadi karibu na alama ya juu ya kijiti bila kuipita, na kila wiki liendeshe gari nusu saa mfululizo bila kusimama.