Namna ya kulifufua neno *gastiz

Mwanafunzi akianza kusoma Mame-Kijerumaniki, yaani lugha iliyozaa Kijerumani, Kiingereza na Kiholanzi, hukimbilia jedwali la viambishi na kulikariri kama kasida. Mimi humnyang'anya jedwali. Kwanza akusanye watoto wa neno.

Tuchukue *gastiz, "mgeni". Kinyota kinaonya kwamba umbo hili limefikiwa kwa hoja tu. Andika: Kigothi (ndugu wa Kijerumani aliyekwisha kufa) gasts, Kinorsi cha kale gestr, Kijerumani Gast, Kiingereza guest. Konsonanti zinapatana, ugomvi uko kwenye irabu, na hauamuliwi kwa kura. Tazama wingi: Kijerumani cha leo Gäste, cha zamani gesti. Ile i ya mwisho ndiyo iliyoivuta a ikawa e. Kwa hiyo mzizi una a, na shina liliishia kwa i.

Sasa toka nje ya ukoo. Kilatini kina hostis (ambaye baadaye akageuka adui, maskini), Kislavoni cha kale gostĭ. Asili yao ni *gʰóstis, neno la lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, bibi wa koo zote hizi (gʰ ni g yenye pumzi). Kwa kanuni ya Grimm ya 1822, inayoeleza jinsi konsonanti za bibi zilivyobadilika katika Kijerumaniki, gʰ inakuwa g. O fupi inakuwa a. Hapa wengi huigeuza t kuwa th. Usithubutu: s iliyo mbele yake inaikinga. Ile s ya mwisho ndiyo inayolegea kuwa z, kwa kanuni ya Verner, kwa kuwa silabi yake haina mkazo.

Ndipo ushike jedwali, linaloonyesha jinsi mwisho wa neno unavyobadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Umoja: mtenda *gastiz, mtendwa *gastį, mmiliki *gastīz, mpewa *gastī. Wingi, kwa mpangilio huohuo: *gastīz, *gastinz, *gastijǫ̂, *gastimaz. Kigothi kitakusaidia kwenye wingi (gasteis, gastins, gastim), lakini umoja wake usiutegemee, kwani umeiga maneno ya kundi la *wulfaz, "mbwa mwitu".

Jipime kwa maandishi ya pembe ya dhahabu ya Gallehus, Denmaki, ya mnamo mwaka 400: ek hlewagastiz holtijaz horna tawido, "mimi Hlewagastiz Holtijaz niliitengeneza pembe". Pembe yenyewe iliibwa na kuyeyushwa 1802. Tunaisoma kwenye michoro.

Zoezi: mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof aliitumia njia hii kwa lugha za Kibantu, 1899. Panga mgeni, Kikuyu mũgeni, Kiganda omugenyi, Kikamba mũeni, kisha uamue kama g ilikuwepo tangu mwanzo au iliongezwa.