SOMO: Kadi ya grafiki imechoka, lakini kompyuta bado nzima

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita katibu wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho aliniletea hapa Mtwara desktop ya zamani, imefungwa nyuma ya bodaboda kwa mipira kama mtungi wa gesi. Kioo kilijaa mistari ya kijani na zambarau toka juu hadi chini, na kila Windows ilipokaribia kufunguka, giza. Kwingine alishaambiwa imekufa, anunue nyingine. Ndani mlikuwa na majina ya wakulima na kilo zao za msimu mzima. Ilirudi kwake siku ileile inafanya kazi, na hakununua kifaa hata kimoja. Naandika nilivyofanya, maana naona mashine nyingi zinatupwa kwa kosa hili.

Hatua ya 1: hakikisha ni kadi ya grafiki kweli, ile inayotengeneza picha ya kwenye kioo. Badili waya na monita kwanza, ni dakika mbili tu. Kisha washa na utazame kwa makini. Mistari au vidoto vikionekana tangu kwenye nembo ya mwanzo, kabla ya Windows, na monita nyingine inaonyesha vilevile, kadi yenyewe ina kasoro. Kama mwanzo ni safi na giza linaingia Windows inapofunguka, basi kadi bado inamudu picha nyepesi, inashindwa draiva (programu inayoiendesha kadi) inapoanza kuitumikisha, au draiva yenyewe imeharibika. Tofauti hii ndiyo itakayokuonyesha njia ya kupita.

Hatua ya 2: okoa mafaili. Kadi ya grafiki haigusi diski. Toa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, nakili kila kitu. Usianze majaribio kazi ya mtu ikiwa humo humo.

Hatua ya 3, na hapa ndipo wengi wanapopitwa: geuza boksi, utazame mgongoni. Kadi ina soketi zake, zimelala kwa ulalo kule chini. Lakini juu, karibu na soketi za USB na za spika, mara nyingi ipo soketi nyingine ya VGA au DisplayPort inayotoka kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ile ya katibu ilikuwa imezibwa kwa kizibo cheusi cha plastiki, na kwa miaka yote hakuna aliyejua kuna tundu. Kompyuta nyingi za ofisini zenye prosesa ya Core 2 Duo zina grafiki kwenye mazabodi. Kuanzia prosesa za Intel Core i za kizazi cha pili, zilizotoka 2011, karibu zote zina grafiki ndani ya prosesa. Hata hivyo prosesa peke yake haitoshi, lazima mazabodi nayo iwe na soketi ya kuitolea picha.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha boksi kabla hujagusa kingine. Fungua skrubu ya kadi, bonyeza kile kishikizo cha plastiki kwenye mwisho wa sloti, vuta kadi taratibu ikiwa imenyooka. Usiivute kishikizo kikiwa bado kimeibana, sloti itang'oka. Sasa chomeka monita kwenye soketi ya mazabodi, washa.

Kama bado giza, toa betri ya BIOS (programu ya mwanzo iliyo kwenye mazabodi), ile ya duara ya CR2032, kwa dakika tano, waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Mipangilio itarudi ya kiwandani, na mara nyingi BIOS itaanza kutumia grafiki ya ndani. Picha ikishatoka, rekebisha tarehe na saa, kwa sababu zimefutika. Kama kuna sehemu ya "Primary Display", iache kwenye Auto.

Hatua ya 4 ni kwa ambao mazabodi yao haina grafiki. Ingia Windows kwa Safe Mode, hali ya dharura isiyotumia draiva ya kadi: Windows 7 unagonga F8 inapowaka, Windows 10 unaizima kwa nguvu katikati ya kuwaka mara mbili tatu mpaka ilete ukurasa wa matengenezo, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu namba 4. Fungua Device Manager, nenda Display adapters, izime kadi kwa Disable. Usiifute, ukiifuta Windows itaitafuta draiva tena kwenye intaneti na giza litarudi. Ukiwasha upya utapata picha ya kawaida isiyo na mbwembwe. Word na Excel zitaenda vizuri, video zitakwamakwama.

Na kabla hujaihukumu kadi, isafishe. Sisi wa pwani, hasa walio karibu na maji kama Shangani na Mikindani, vumbi letu linashikana na unyevu wa chumvi, linaganda kwenye feni kama utandu. Meno ya dhahabu ya kadi yanafifia. Yasugue polepole kwa ufutio wa penseli, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, irudishe. Nimeshaona kadi zikipona kwa hilo tu.

MASWALI

Swali (Masasi): Shikamoo fundi. Mashine ya shule ni Core i7 870, nimetoa kadi, hakuna kitu kabisa.

Jibu: Marahaba mwalimu. Hiyo 870 ni ya kizazi cha kwanza na haina grafiki ndani. Rudisha kadi, fuata hatua ya 4. Ikishindikana, tafuta kadi yoyote ndogo iliyotumika.

Swali (Lindi mjini): Kaka, kuna jamaa anasema niibanike kadi kwenye oveni, itapona. Kweli?

Jibu: Usifanye hivyo, dada yangu. Joto linaweza kuishtua chipu ikawaka kwa siku chache au wiki, kisha inakufa tena, na moshi wa plastiki unaingia kwenye oveni unayopikia chakula cha watoto.

Swali (Newala): Natumia Ubuntu, giza baada ya nembo.

Jibu: Kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka, bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, mwishoni andika nomodeset, kisha F10. Hiyo ni kwa mara hiyo moja tu. Ikikubali, iongeze ndani ya alama za nukuu kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT katika faili la /etc/default/grub, kisha endesha sudo update-grub.

Swali (Mtwara, Chikongola): Mkuu, mimi nahariri video za harusi, grafiki ya ndani haitanitosha. Ninunue kadi gani?

Jibu: Kabla ya kadi, soma kibandiko cha pawa saplai yako. Sloti inatoa wati 75 tu. Kadi yenye tundu la pini 6 inaweza kutaka hadi wati 75 nyingine kwa waya wake, na boksi nyingi ndogo za ofisini hazina waya huo. Chagua isiyo na tundu la umeme la ziada, na kama boksi lako ni lile jembamba, iwe kadi ya kimo kifupi (low profile). Nitumie picha ya hicho kibandiko tuangalie pamoja.