Kuchagua na kuweka nafasi ya hoteli kwa safari fupi ya mjini

Hoteli mbaya katika safari ya siku mbili tatu haina muda wa kurekebishwa. Aliyeenda kwa mwezi mzima anaweza kuhama. Aliyefika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili atavumilia tu. Kazi yangu ni kupangia watu safari, na muda mwingi naumalizia kwenye mambo mawili ambayo wengi huyapita mbio: ramani na masharti ya kughairi. Picha za vyumba nazitazama mwisho.

Hatua ya 1: Fungua ramani kabla ya tovuti za hoteli

Weka alama kwenye kila mahali unapotaka kwenda: makumbusho, uwanja wa mpira, ukumbi wa mkutano, nyumba ya rafiki. Ongeza stesheni au kiwanja cha ndege utakachotumia. Alama zikishakaa, utaona nyingi zimejikusanya upande mmoja. Tafuta hoteli huko, hata kama kila mtu anausifia mtaa mwingine.

Maneno "kilomita 1 kutoka katikati ya mji" yasikutoshe. Umbali huo kwa kawaida hupimwa kwa mstari ulionyooka, na hiyo "katikati" ni nukta tu iliyochaguliwa na tovuti. Mto usio na daraja karibu, au njia ya reli, huigeuza kilomita moja kuwa tatu. Iambie ramani ikuonyeshe njia ya miguu kutoka mlango wa hoteli, kisha njia ya basi au treni, na uweke saa yenyewe utakayosafiri. Mtaa unaofikika kwa dakika kumi mchana unaweza kuhitaji teksi usiku, treni ya mwisho ikishapita.

Majina ya viwanja vya ndege nayo yana ujanja wake. Beauvais huuzwa kwa jina la Paris ingawa kiko kilomita 80 hivi nje ya jiji, na Frankfurt-Hahn kiko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt. Ukitua huko usiku, jambo la kwanza la kujua ni basi la kiwanja linakushusha wapi. Hoteli iliyo karibu na kituo hicho inaweza kukufaa kuliko ile yenye mandhari nzuri ng'ambo ya pili ya mji.

Hatua ya 2: Pima tarehe

Miji ya kazi na miji ya starehe haina bei za mwendo mmoja. Brussels, yenye taasisi za Umoja wa Ulaya, hujaa wafanyakazi katikati ya wiki na mara nyingi hushusha bei wikiendi. Venice ni kinyume chake: Jumamosi ndiyo ghali. Ukiona bei imeruka bila sababu, tafuta ni tukio gani liko mjini. Wakati wa Oktoberfest, tamasha kubwa la bia huko Munich, au wakati wa maonyesho makubwa ya biashara popote pale, hata vyumba vya kawaida kabisa hupanda. Kusogeza safari kwa wiki moja kutakuokolea zaidi ya msimbo wowote wa punguzo.

Hatua ya 3: Chuja, lakini usichuje mno

Mimi naweka vichujio vitatu tu: eneo nililokwisha kulichagua, alama za wageni kuanzia 8 kwa 10, na uwezo wa kughairi bure. Ukiongeza bwawa, mazoezi na maegesho utabaki na hoteli mbili, zote mbali.

Kisha badilisha mpangilio. Orodha unayoonyeshwa kwanza chini ya jina la "mapendekezo" ina kamisheni ndani yake. Hoteli inaweza kuilipa tovuti zaidi ili ipande juu. Na usidhani umelinganisha soko zima kwa sababu umefungua kurasa tatu. Booking.com, Agoda na Kayak ni za kampuni moja. Expedia, Hotels.com na Vrbo nazo ni za kampuni nyingine moja.

Nyota je? Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachozigawa. Kila nchi ina utaratibu wake, na Ufaransa tangu 2010 imeongeza hadhi ya "Palace" juu ya nyota tano. Kwa kawaida nyota huhesabu vifaa na huduma: saa za mapokezi, lifti, ukubwa wa chumba. Hazikuambii kama ukuta ni mwembamba au kama baa ya jirani inafungwa alfajiri.

Hatua ya 4: Soma maoni kwa kutafuta kasoro

Hapa usiharakishe. Panga maoni kuanzia ya karibuni, kwa sababu hoteli hubadili wamiliki, meneja na magodoro. Sifa za mwaka juzi ni za hoteli nyingine. Pita juu ya waliotoa 10 na waliotoa 1, usome waliotoa 6 au 7. Hao hawana hasira wala mapenzi, wanaeleza tu.

Tumia kisanduku cha kutafutia ndani ya maoni. Andika "kelele", "ujenzi", "maji ya moto", "lifti", "kunguni", kwa lugha wanayotumia wageni wengi wa hoteli hiyo. Lalamiko moja ni bahati mbaya ya mtu. Likirudiwa na watu wanne wasiojuana, ndiyo hali ya hoteli. Kumbuka pia chanzo: kwenye Booking.com anayeandika ni aliyeweka nafasi kupitia hapo, ilhali Tripadvisor humpokea yeyote mwenye akaunti.

Sasa ndipo tazama picha, na uanze na zilizopigwa na wageni. Soma ukubwa wa chumba kwa mita za mraba. Chini ya 12, watu wawili wenye masanduku mtapishana kwa zamu. Angalia kama kuna dirisha na linatazama wapi. Maelezo yakinyamaza kuhusu dirisha, uliza. Hakikisha pia kama ni kitanda kimoja kikubwa au vitanda viwili, hasa ukisafiri na mwenzako wa kazi.

Hatua ya 5: Ifukue bei ya kweli

Bei ya kwanza ni chambo. Endelea hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, uone jumla. Miji mingi hutoza kodi ya malazi ambayo mara nyingine hulipwa mapokezi: Amsterdam imekuwa ikitoza asilimia 12.5 tangu 2024, na Roma hutoza kwa kila mtu kwa kila usiku, kiasi kikitegemea daraja la hoteli. Marekani kulikuwa na mazoea ya kuficha ada za lazima hadi mwishoni. Kanuni iliyoanza Mei 2025 inazitaka zionekane ndani ya bei tangu mwanzo, ingawa kodi za serikali bado zinaweza kuja baadaye.

Ukishapata jumla, ilinganishe na tovuti ya hoteli yenyewe, kwa chumba kilekile na masharti yaleyale. Bei zikilingana, weka nafasi moja kwa moja kwa hoteli. Tatizo likitokea, mnazungumza wawili, bila mtu wa kati wa kutupiana naye mpira.

Hatua ya 6: Weka nafasi

Bei isiyorejeshwa huvutia, lakini naichukua tu kama tofauti ni kubwa na tiketi ya safari tayari iko mkononi. Kwenye bei ya kughairi bure, soma siku na saa ya mwisho. Kwa kawaida ni saa ya mji wa hoteli, si ya kwenu. Iandike kwenye kalenda. Siku chache kabla ya hapo, angalia bei tena. Ikiwa imeshuka, weka nafasi mpya kwanza, kisha ndiyo ughairi ya zamani.

Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Uliza pia kama hoteli itashikilia kiasi cha fedha kwenye kadi yako kama dhamana. Kwenye kadi ya debiti, inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako, hizo ni fedha zako zenyewe zitakazofungwa, labda kwa siku kadhaa baada ya kuondoka.

Hatua ya 7: Baada ya uthibitisho

Itumie hoteli ujumbe mfupi: saa utakayofika, na ombi moja tu, kwa mfano chumba cha juu kilicho mbali na lifti. Ukichelewa bila kusema, wanaweza kukuhesabu kuwa hukutokea na kukigawa chumba.

Ukipata ujumbe unaokutaka uthibitishe kadi upya kwa kubonyeza kiungo, "la sivyo nafasi itafutwa", usibonyeze, hata kama umekuja ndani ya programu uliyotumia. Matapeli huteka akaunti za hoteli na kuandika kutokea humo. Chukua namba ya simu kwenye tovuti ya hoteli, upige, uulize.

Hifadhi uthibitisho kwenye simu usomeke bila intaneti. Na ukifika, fungulia maji, jaribu kiyoyozi, sikiliza dirishani, kabla hujafungua sanduku. Kubadilishiwa chumba ni rahisi ukiwa bado umeshika begi.