Namna ya kuisoma fitina ya Iago kabla ya kupanda jukwaani

Waigizaji wengi huja mazoezini wakiniambia kwamba Iago, katika tamthilia ya Othello ya Shakespeare, ni mwongo. Ni mwongo kweli, lakini ukimcheza kwa uongo peke yake onyesho linapoa. Iago ni mfitini, na mfitini hodari hasemi mengi; humwachia mwenzake pengo alijaze mwenyewe. Ili uione kazi hiyo, chukua penseli mbili, nyekundu na ya buluu, na mtu wa kusoma naye kwa sauti. Hakikisheni mna toleo moja, maana chapa ya 1622 na ile ya 1623 hazilingani, na ipo mistari mingi iliyomo katika moja tu.

Hatua ya 1: Anza na penzi

Soma sehemu ya 1, onyesho la 3. Brabantio analalamika mbele ya baraza la Venisi kwamba binti yake Desdemona amerogwa. Othello, jemadari aliyemwoa kwa siri, anasema yeye si mjuzi wa maneno, kisha anasimulia vita, utumwa na safari zake hadi baraza zima linatulia. Desdemona alimpenda kwa hatari alizopitia, naye akampenda kwa kuwa alimwonea huruma. Pigia mstari hapo: ndoa hii ilianza kwa masimulizi.

Brabantio anaondoka na onyo kwa Othello: Desdemona amemdanganya babake, na wewe anaweza kukudanganya. Iago, askari wa Othello, yupo pale pale. Msimamishe mahali ambapo watazamaji watamwona akisikiliza, kwa sababu katika sehemu ya 3 atayarudisha maneno hayo kwa Othello karibu kama yalivyo.

Hatua ya 2: Soma sehemu ya 3, onyesho la 3, polepole mno

Hapa ndipo ninapotumia siku nyingi. Cassio, naibu wa Othello aliyevuliwa cheo kwa ulevi na ugomvi, amekuja kumwomba Desdemona amtetee, tena kwa ushauri wa Iago. Anaondoka kwa aibu Othello na Iago wanapofika. Ndipo Iago anaanza:

— Hm! Hilo silipendi.
— Unasemaje?
— Si kitu, bwana wangu. Au kama... sijui.

Iago amesema nini mpaka hapo? Hakuna. Othello anauliza kama yule si Cassio. Iago anajibu kwamba hadhani Cassio angenyatia hivyo, kama mwenye hatia, alipomwona bwana wake anakuja. Sikiliza vizuri: anamtetea Cassio, na ndani ya utetezi huo huo anapenyeza neno “hatia”.

Kisha Othello anauliza kuhusu Cassio:

— Si mwaminifu yule?
— Mwaminifu, bwana wangu?
— Unafikiri nini?
— Nafikiri, bwana wangu?

Zungushia nyekundu kila swali ambalo Iago analirudisha, na buluu kila jambo linaloweza kuthibitishwa. Ukurasa utajaa nyekundu. Othello mwenyewe analalamika kwamba huyu anamwitikia kama mwangwi, kana kwamba anaficha dude la kutisha moyoni. Dude hilo analiumba Othello. Kwa hiyo mwigizaji wa Iago asiwakonyeze watazamaji hapa. Azungumze kama rafiki anayeumia kusema.

Hatua ya 3: Leso

Leso ya mkononi, si ile ya kujifunga, ambayo Othello alimpa Desdemona. Emilia anaiokota na kumpa mumewe, Iago, ambaye anaifanya ushahidi dhidi ya Desdemona. Imetariziwa stroberi, na Othello anadai ina uganga. Tumieni kitambaa halisi tangu siku ya kwanza ya mazoezi.

Hatua ya 4: Fuata kuvunjika kwa lugha

Fungua sehemu ya 4, onyesho la 1. Yule msimulizi wa barazani sasa anatoa vipande tu, leso, maungamo, leso, halafu anaanguka na kuzimia. Baadaye anapaza sauti, “Mbuzi na nyani!” Rudi nyuma: wanyama hao aliwataja Iago kwanza, alipokuwa akimchorea Desdemona na Cassio wakifanya uzinzi. Othello anazungumza kwa kinywa cha Iago. Mwigizaji wake asome hotuba ya barazani na kipande hiki kwa mfululizo, bila kupumzika, mpaka mwili wake uhisi tofauti.

Hatua ya 5: Mwangwi unageuka

Sehemu ya 5, onyesho la 2. Othello ameshamuua Desdemona, na anamtajia Emilia aliyemwambia kwamba mkewe si mwaminifu: Iago. “Mume wangu?” anauliza Emilia, tena na tena. Kila “mume wangu” ipate sauti yake: mshangao, woga, kisha hasira. Anasema kweli mpaka mumewe anamchoma kisu.

Iago anatamka kwamba hatasema neno tena. Lodovico, mjumbe wa Venisi, anamwamuru akitazame kitanda chenye maiti. Mwigizaji akitazame, mdomo ukiwa umefungwa, hadi taa zizimwe.