Maji ya rangi ya chai huku Bukavu: namna ya kuisafisha na rezini

Kama maji ya surse yenu inatoka rangi ya chai, na ukiiacha kwa bido siku mbili rangi haishuki, ujue hiyo si matope. Ni majani na mizizi yenye ilioza kwa mabwawa huko juu milimani, imeyeyuka kabisa, kitambaa haikamate kitu na filtre ya mchanga inaiacha inapita. Kuchemsha kunaua mikrobe tu, rangi inabaki. Sasa watu wanakimbilia klore, na klore ikikutana na ile uchafu inazaa vitu vyenye si vizuri kwa afya kama kloroforme, tena inaisha nguvu mbele ya kuua mikrobe, njo mana uchafu inatoka kwanza, klore inakuja mwisho.

Rezini ni vichembe vya plastiki vidogo, hata milimita moja mara nyingi havifike. Ile uchafu sehemu kubwa iko na chaji negative, rezini inaikamata na kuachia kloridi (ile yenye iko kwa chumvi ya kawaida) kwa nafasi yake. Kwa hiyo nunua rezini ya ANIONI (yenye inakamata chaji negative), ya base kali, yenye imeshajazwa kloridi. Muuzaji akikuletea ile ya kutosha shokaa, murudishie, hiyo ni ya kationi (inakamata chaji positive), rangi haitaigusa. Soma mwenyewe kwa sakoshi, usiamini mdomo.

Mbele ya kutosha franga mingi, omba kidogo ya kujaribu. Tia vijiko viwili vya rezini kwa nusu litre ya maji, tikisa tikisa dakika 30, acha itulie, kisha mimina kwa kikombe cheupe, kando yake kikombe kingine cha maji yenye haijaguswa. Kama tofauti unaiona waziwazi, endelea. Kama hauioni, usitupe makuta yako, juu kuna uchafu ya aina ingine yenye haina chaji, na maji yenye sulfate mingi, sulfate nayo iko na chaji negative, inachukua nafasi kwa rezini.

Kufunga rezini kwa njia ya maji sasa. Filtre ya mchanga inakuwa mbele, juu matope na chuma (ile kutu nyekundu) vinaziba rezini vibaya. Rezini ikiwa imekauka usiimwangie maji safi moja kwa moja, itavimba haraka na kupasuka, ilowesheni kwanza kwa maji ya chumvi. Kwa litre 25 ya rezini pitisha kama litre 250 ya maji kwa saa, ukifungua robine sana maji itapita bila kukamatwa.

Rangi ikianza kurudi, rezini imeshiba. Ioshe, kwa ile litre 25 ya rezini: chumvi safi kilo 5, ongeza maji mpaka ifike litre 50, ipitishe polepole saa moja hivi, kisha suuza mpaka ladha ya chumvi iishe mdomoni. Itatoka maji nyeusi yenye chumvi kali, hapo ndo watu wanafanya ujinga, wanaimwaga chini ya migomba ama kwa kamtaro yenye inashuka kwa jirani. Ichimbieni shimo mbali na surse.

Na rezini haiue mikrobe! Klore lazima, ila sasa itaingia kidogo kuliko zamani, kwa hiyo pima upya: kisha dakika 30 klore ibakie kama miligramu 0,5 kwa litre.